Kisima cha gesi kikiwa jirani, hesabu yake isiwe siri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilichapishwa katika safu hii wiki mbili zilizopita, akihoji kwa nini wenye mashamba yanayopakana na visima vya gesi huko kusini wanajitia katika hesabu isiyowahusu. Hoja yake, kama nilivyoielewa, ni kwamba ardhi ni kitu kimoja na gesi iliyo chini yake ni kitu kingine, kwamba gesi ni mali ya Taifa zima, na kwamba mkulima aliyekwisha kulipwa fidia ya mikorosho yake hana sababu ya kuuliza kisima cha jirani kimetoa kiasi gani mwezi huu kuliko sababu aliyonayo mtu wa Moshi au wa Bukoba. Kuhusu sheria yuko sahihi. Kuhusu hitimisho naona amekosea, na nalisema hilo nikiwa mtu wa Moshi ambaye pia ni mmoja wa hao wenye mashamba.

Nilizaliwa Kibosho, lakini Serikali ilinipeleka Mtwara kufundisha hisabati, nikakaa huko miaka 22, na kabla ya kustaafu nilikuwa nimekwisha kununua shamba dogo la mikorosho ambalo bado ninalo. Bomba la gesi lilipopita, ukanda mwembamba wa shamba hilo ulichukuliwa, miti saba ikahesabiwa na kupigwa rangi nyekundu, nami nikalipwa. Fidia ilichelewa, ila ilifika, na leo sina dai juu yake. Ukisimama kwenye kona ya shamba lililobaki unauona uzio wa kisima, taa zake, na lango ambalo magari huingia na kutoka bila mtu yeyote wa kijijini kujua yamefuata nini. Kila mwaka ikifika Oktoba napanda basi kwenda kusimamia uokotaji wa korosho, na kila mwaka majirani huniuliza swali lile lile, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu: "Mwalimu, hicho kinatoa kiasi gani?" Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwa na jibu.

Nianze na pale ninapokubaliana na msomaji mwenzangu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na sisi wenye hati za kimila tuna haki ya kuitumia. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inaweka mafuta na gesi asilia yote iliyo chini ya ardhi hiyo mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Hakuna mkulima wa Mtwara, Lindi au Pwani anayeweza kusema futi moja ya ujazo ya gesi ni yake, na binafsi sioni kwamba mpangilio huo ni mbaya, kwa sababu gesi iliyovumbuliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iliyovumbuliwa mwaka 1982 imewasha taa hata huku mlimani kwetu, ambako hakuna kisima. Tunachobishania ni kama mtu asiyemiliki gesi anaweza kuwa na haki ya kuijua hesabu yake. Hapo naomba nimpeleke msomaji mwenzangu Marekani kwa muda mfupi, nchi ambayo watu wengi huitaja katika mjadala huu bila kueleza mambo yanavyokwenda huko.

Mpwa wangu ameolewa katika jimbo la Pennsylvania, upande wa kaskazini, juu ya mwamba unaoitwa Marcellus ambao una gesi nyingi. Mama mkwe wake ana ekari 20. Kule, tofauti na hapa, anayemiliki ardhi anaweza kumiliki pia kilicho chini yake, na kampuni ikitaka kuchimba ni lazima ikodishe haki hiyo kwake na imlipe mrabaha, yaani fungu la mauzo ya gesi, ambao kwa sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1979 haupaswi kupungua sehemu moja ya nane. Visima vya siku hizi hushuka chini kwa kilomita kadhaa kisha hukunja na kwenda kwa ulalo chini ya mashamba ya watu wengi, kwa hiyo mashamba hayo huunganishwa kuwa eneo moja la hesabu. Eneo hilo likiwa na ekari 640, basi bibi huyo mwenye ekari 20 ana sehemu moja ya thelathini na mbili ya eneo, na ukizidisha kwa moja ya nane unapata desimali ambayo ameiandika kwenye jalada la daftari lake kama wengine wanavyoandika namba ya simu: 0.00390625.

Nimeziona picha za daftari hilo, kwa kuwa mpwa wangu alinitumia akijua kwamba mjomba wake anapenda hesabu. Kila mwezi bibi hufungua ukurasa wa idara ya mazingira ya jimbo, anaandika jina la kisima, na ukurasa unampa kiasi cha gesi kilichotoka mwezi huo pamoja na idadi ya siku ambazo kisima kilifanya kazi. Anaandika namba hizo kwa penseli upande wa kushoto. Upande wa kulia anaandika kilichokuwa kwenye karatasi iliyoambatana na hundi yake kutoka kampuni. Ikiwa eneo limetoa gesi ya futi za ujazo milioni 100 kwa mwezi na bei ni dola 3 kwa kila futi 1,000, mauzo ni dola 300,000, na desimali yake inampa dola 1,171 na senti. Hundi ikija na dola 900, hapigi kelele wala haitishi maandamano. Anachukua simu na kuuliza makato hayo ni ya nini. Mara nyingi huambiwa ni gharama za kukusanya gesi, kuikausha na kuisukuma kwenye bomba kubwa, na juu ya makato hayo kuna mashauri mengi yaliyofika mahakamani huko. Mara moja, katika picha niliyotumiwa, kulikuwa na mduara kuzunguka namba 11 na neno la kuuliza: kisima kilikuwa kimefanya kazi siku 11 tu mwezi huo, naye alitaka kujua kwa nini kilifungwa siku zilizobaki.

Msomaji mwenzangu atasema, na atasema vema, kwamba bibi huyo anafuatilia kwa sababu fedha ni zake. Ndiyo maana nataka nimweleze jirani wa bibi huyo, anayekaa ng'ambo ya barabara. Yeye alinunua shamba lake kwa mtu ambaye alikuwa amekwisha kuuza haki ya madini ya chini miaka mingi nyuma, kwa kuwa kule haki hizo mbili zinaweza kutenganishwa, moja ikabaki kwa huyu na nyingine ikaenda kwa yule. Kisima kiko karibu na nyumba yake kuliko nyumba ya bibi, malori yalipita mbele ya dirisha lake wakati wa kuchimba, na hapati hata senti moja ya mrabaha. Kisheria hali yake inafanana na yangu mimi mwenye mikorosho Mtwara. Hata hivyo anafungua ukurasa ule ule, anaona namba zile zile, kwa sababu ukurasa haumuulizi mtu yeyote kama ana hisa katika gesi. Anasoma ili ajue kisima kiko hai au kimekufa, kama kampuni imeongeza kasi, na kama maji ya kisima chake cha kunywa yapimwe tena.

Wala Pennsylvania haiko peke yake. Texas kazi hiyo hufanywa na Tume ya Reli, chombo kilichoanzishwa mwaka 1891 ambacho siku hizi hakina habari yoyote na reli lakini kimeng'ang'ania jina lake, na tume hiyo hutoa hesabu za kila mwezi, gesi kwa kila kisima na mafuta kwa kila eneo lililokodishwa. North Dakota kampuni inaweza kuomba taarifa za kisima kipya zifichwe, lakini kwa miezi sita, na miezi hiyo ikiisha namba zinawekwa hadharani. Naitaja North Dakota kwa makusudi. Mwaka juzi niliingia katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikauliza kwa adabu kama naweza kupata kiasi cha gesi iliyotoka katika kisima kilicho jirani na shamba langu kwa mwaka uliopita. Kijana aliyenipokea alikuwa mwungwana, alinipa kiti na maji ya kunywa, akaingia ndani, akatoka baada ya robo saa na jibu la maneno matatu: siri ya mkataba. Nilimuuliza siri hiyo inaisha lini. Alicheka, nami nikacheka, nikaondoka. Ila swali lile sikuliuliza kwa mzaha. Katika nchi ambako makampuni hugombea mashamba ya jirani moja baada ya jingine, na kila moja lina sababu ya kweli ya kumficha mwenzake alichokikuta ardhini, siri hiyo imepewa miezi sita. Katika kitalu, yaani eneo lenye leseni, cha Songo Songo au cha Mnazi Bay, ambacho kimekuwa kikitoa gesi tangu mwaka 2004 au 2006, ambako hakuna kampuni nyingine inayoweza kuja kuchimba pembeni, mshindani anayefichwa ni nani?

Sisemi kwamba nchi yetu haitoi takwimu zozote. Kila mwaka Waziri wa Nishati husoma bungeni hotuba ya bajeti yenye kiasi cha gesi kilichozalishwa, na mamlaka zinazosimamia sekta hiyo hutoa taarifa zao za mwaka. Tangu mwaka 2009 Tanzania imo katika mpango wa kimataifa wa uwazi katika uziduaji wa madini, mafuta na gesi, na mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya uwazi na uwajibikaji katika sekta hizo, ambayo pamoja na mambo mengine inataka mikataba iwekwe hadharani. Hayo ni mazuri, na aliyeyapigania anastahili shukrani. Lakini jumla ya mwaka kwa eneo zima la uzalishaji, tena ikifika baada ya muda mrefu, inamsaidia mchumi aliyeko Dar es Salaam au Dodoma, na haimsaidii mtu anayelala mita mia tatu kutoka kwenye uzio. Ni kama kumwambia mkulima wa kahawa wa Kibosho kwamba mkoa wa Kilimanjaro uliuza tani kadhaa mwaka juzi, halafu asiambiwe gunia lake lilikuwa na kilo ngapi.

Kwa nini nataja kahawa? Kwa sababu huku kwetu hesabu ya mazao si jambo geni, tumeirithi. Wazee wetu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja kuwa KNCU, na sababu mojawapo ya kuungana ilikuwa kutokukubali mizani ya mtu mwingine. Ukienda leo kwenye chama cha msingi siku ya kupokea kahawa, utamwona mama amesimama kando ya mizani akiwa amekaza macho kwenye mshale. Unaweza kumsalimia mara mbili na asiitike mpaka mshale utulie na karani aandike. Kwenye ubavu wa mizani kuna stika ya Wakala wa Vipimo, na mama huyo anajua ni ya mwaka gani. Shambani kwangu Mtwara mambo ni hayo hayo kwa korosho. Tangu msimu wa 2007/08 tunauza kwa stakabadhi ghalani, na stakabadhi hiyo inaonyesha kilo na daraja, bei ya mnada inatangazwa, makato yanaorodheshwa, na mkulima ambaye hakumaliza darasa la saba anaweza kukuonyesha kwa kidole ni wapi shilingi zake zilipopungua. Sasa mkulima huyo huyo, juu ya ardhi hiyo hiyo, akiinua macho kutoka kwenye stakabadhi yake anauona uzio ambao ndani yake kuna mita inayopima mali kubwa kuliko korosho za kijiji kizima, na mita hiyo mkulima hajui hata inasoma kwa kipimo gani.

Kipimo chenyewe si kigumu. Gesi hupimwa kwa futi za ujazo, na futi 1,000 ni mita za ujazo 28 na kidogo. Nimewaeleza majirani zangu hivi: chukua chumba chenye urefu wa mita tatu, upana wa mita tatu na kimo cha mita tatu, kijaze gesi, ongeza mita ya ujazo moja na kidogo, hiyo ndiyo futi 1,000. Waliielewa mara moja, na mzee mmoja akaniuliza kama kisima chetu kinajaza vyumba vingapi kwa siku. Ndipo nilipowaonyesha kwenye simu ile picha ya daftari la bibi wa Pennsylvania. Walipitishiana simu chini ya mkorosho kwa muda mrefu. Mwenyekiti wa kijiji aliishika mwisho, akaitazama, akanirudishia akisema, "Mwalimu, yeye anajua kisima chake kimelala siku ngapi. Sisi cha kwetu tunajua rangi ya uzio."

Msomaji mwenzangu anaweza kudhani kwamba huo ni udadisi tu. Naomba nimweleze kinachotegemea namba hizo hata kwa mtu asiye na mrabaha. Mrabaha wa gesi ya nchi kavu hapa kwetu ni asilimia 12.5, na msomaji mwenye jicho ataona kwamba hiyo ni moja ya nane, sawasawa na kiwango cha chini cha yule bibi, isipokuwa huku unakwenda Serikalini. Sawa. Lakini kando ya mrabaha kuna ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri, ambao kwa miaka mingi ulikuwa hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kila shilingi bilioni moja ya mauzo, hiyo ni shilingi milioni tatu, na kwa halmashauri za Kilwa na Mtwara fedha hizo zina maana ya vyumba vya madarasa na dawa za zahanati. Mauzo ni kiasi mara bei. Diwani asiyejua kiasi atajuaje kama alicholetewa ndicho alichostahili? Na mwananchi atamuuliza nini diwani kwenye mkutano, ikiwa wote wawili wanategemea namba iliyoandikwa na mlipaji mwenyewe?

Kisha kuna jambo la visima kuzeeka, ambalo nadhani ndilo linaloeleweka kidogo kuliko yote. Watu wengi huzungumzia gesi kama maji ya mto, kwamba ikianza kutoka itatoka hivyo hivyo hadi wajukuu. Kisima kina ujana na uzee. Visima vya mwamba wa Marcellus hutoa gesi kwa nguvu miezi ya mwanzo kisha hushuka haraka, mara nyingi zaidi ya nusu ndani ya mwaka wa kwanza, halafu hushuka polepole kwa miaka mingi, na ukizichora namba za bibi kwenye karatasi ya grafu unapata mteremko kama wa kushuka kutoka Machame kwenda Boma Ng'ombe, mkali juu na wa upole chini. Visima vyetu ni vya aina nyingine, vinategemea mwamba wenye vinyweleo na msukumo wa asili, na vingi vimedumu vizuri. Lakini navyo vina mwisho. Kisima cha Kiliwani Kaskazini, pale pale kisiwani Songo Songo, kilianza kutoa gesi mwaka 2016, na baada ya muda si mrefu msukumo wake ukashuka mno. Wataalamu waliliona hilo kwenye vipimo vyao siku kwa siku. Mtu wa kawaida alikuja kusikia kwamba kisima kimedhoofika, na katika pengo kati ya kuona kwa mtaalamu na kusikia kwa mwananchi ndipo uvumi unapojenga nyumba. Nimesikia kwa masikio yangu watu wazima wakieleza kwamba gesi inapakiwa usiku na kupelekwa baharini. Siamini, na nimewaambia siamini. Lakini sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka, mwezi Januari na tena mwezi Mei, watu wakapoteza maisha, kwa ajili ya mjadala ambao kwa nje ulionekana kuwa ni juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Nilikuwa nimekwisha kurudi Kibosho wakati huo, nikifuatilia kwa redio na simu za wanafunzi wangu wa zamani. Sitaki kurahisisha jambo lile, lilikuwa na mizizi mingi, ya historia na ya siasa. Ila nakumbuka kwamba katika simu zote zile sikumsikia hata mtu mmoja, awe wa upande wa "gesi haitoki" au wa upande wa Serikali, akitaja namba ya kisima chochote.

Uzee wa kisima una swali lingine ndani yake: nani atakifunga? Pennsylvania ndiko Edwin Drake alikochimba kisima chake cha mafuta mwaka 1859, na jimbo hilo limebaki na maelfu ya visima vya zamani visivyo na mwenyewe, vingine ndani ya mashamba, vingine chini ya nyumba, vinavyovuja taratibu. Mwaka 2021 Serikali ya Marekani ililazimika kutenga dola bilioni 4.7 kwa ajili ya kuziba visima vya namna hiyo katika majimbo mbalimbali. Mwenye shamba anayeona kwenye ukurasa kwamba kisima cha jirani kimeandikwa sifuri mwezi wa kwanza, sifuri mwezi wa pili, sifuri mwezi wa saba, anajua mapema kwamba wakati wa kuuliza umefika, kabla kampuni haijauza leseni yake kwa kampuni ndogo isiyo na kitu. Sheria yetu ya Petroli imefikiria suala la kusitisha shughuli na kurudisha eneo katika hali nzuri, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini sheria haina macho. Anayepita pale kila siku na jembe ndiye wa kwanza kuona.

Kuna sababu ya mimi kuandika haya katika gazeti linalosomwa Moshi na Arusha, badala ya kuyapeleka kusini peke yake. Shirika letu la Taifa la petroli limekuwa likifanya utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi Wembere, linalogusa mikoa ya Arusha, Manyara, Singida, Tabora, Simiyu na Shinyanga. Sisemi mafuta yapo. Utafiti ni utafiti, na mabonde mengi duniani yametafitiwa yakaachwa. Lakini yakipatikana, jirani wa kisima atakuwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, ambaye tunamfahamu, tunanunua vitunguu vyake, na ambaye kwa miaka mingi amelalamikia lumbesa, ile nyongeza ya gunia inayovimba juu ya kipimo na kumpunja bila yeye kuweza kuthibitisha kilo zilizopotea. Mtu huyo hahitaji kufundishwa kwa nini kipimo kiwe wazi. Bora utaratibu uwekwe sasa, kabla ya kisima cha kwanza, wakati hakuna mkataba wa kusingizia.

Ninachoomba ni kidogo mno kuliko kelele zinazopigwa. Kwa kila kisima kinachotoa gesi, mamlaka husika itoe kila mwezi mistari minne kwa Kiswahili: jina la kisima, kiasi kilichotoka, siku kilizofanya kazi, na tarehe mita yake ilipokaguliwa mara ya mwisho. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, pale pale yanapobandikwa mapato na matumizi ya kijiji, na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na taarifa nyingine. Sihitaji kuona bei ya mkataba wala siri za uchimbaji. Kampuni tayari zina namba hizo, kwa sababu bila namba hizo haziwezi kudai hata malipo yao wenyewe. Kazi iliyobaki ni ya kuchapa karatasi. Kwa aliyeuliza haki hiyo inatoka wapi, Ibara ya 18 ya Katiba inazungumzia haki ya kupewa taarifa, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Msomaji mwenzangu alisema gesi ni ya Taifa kana kwamba maneno hayo yanamwondoa mkulima katika hesabu. Mimi nayasoma kinyume chake: kama ni ya Taifa, basi mkulima huyo amepewa na Katiba kazi ya ulinzi, na mlinzi wa ghala huonyeshwa kilichomo.

Kwa upande wangu, nimeandika ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 30 za kujibiwa, nikiomba uzalishaji wa kisima kimoja tu, kile ninachokiona kutoka kwenye kona ya shamba langu, kwa miezi 12 iliyopita. Nakala nimemwachia mtendaji wa kijiji, naye ameipiga muhuri na kuitoboa kwenye faili. Siku hizo zinaisha mwezi ujao, na nikijibiwa, kwa namba au kwa maneno matatu, nitaomba tena nafasi katika safu hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Kibosho, Moshi.